Hifadhi ya Katavi na Maji ya Katuma

Ndugu wanafunzi wa Mwamkulu! Neno letu leo ni hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kusini mwa Mpanda, ilianzishwa mwaka 1974. Wengi hudhani ni ya wageni tu. Sivyo. Ni mahali penu pa matembezi, na kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Nendeni kiangazi mkawatazame viboko: mamia hubanana katika dimbwi moja la tope, wakigombana. Hubanana kwa kuwa Mto Katuma umepungua. Ndio huo huo unaonywesha mpunga wenu! Anayeuziba mto usiku humkausha jirani wa chini, halafu kiboko. Haya, shikeni kalamu. Andikeni: hifadhi, mto, kiboko, jirani.