Kuziba Mianya ya Kodi katika Ununuzi wa Mtandaoni: Mafunzo Kutoka Msamaha wa Vifurushi Vidogo

1. Asili ya msamaha

Msamaha wa kodi kwa vifurushi vya thamani ndogo ni kanuni ya forodha inayoruhusu bidhaa kutoka nje kuingia nchini bila kulipiwa kodi, mradi thamani yake isizidi kiwango kilichowekwa. Sababu yake ni ya kiutawala. Kufungua kifurushi, kukagua tamko lake, kukokotoa kodi na kumdai mpokeaji ni kazi yenye gharama, na kwa bidhaa ya bei ndogo gharama hiyo huweza kuzidi kodi yenyewe.

Marekani iliingiza kanuni hii mwaka 1938, kwa kuongeza kifungu cha 321 katika Sheria ya Ushuru ya mwaka 1930. Kwa bidhaa za kawaida kiwango kilikuwa dola 1. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lake mwaka 1983, likizitaka nchi wanachama zisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, kwa bidhaa zisizozidi ECU 10, fedha ya hesabu ya Jumuiya wakati huo, na kuziruhusu kupanda hadi 22. Agizo hilohilo liliziruhusu nchi kuziondoa katika msamaha bidhaa zilizoagizwa kwa posta. Waandishi wake, basi, waliiona hatari mapema. Uingereza haikuitumia ruhusa hiyo. Iliweka kiwango kilichofikia pauni 18, na bidhaa za madukani zikaingia humo pamoja na zawadi za jamaa.

Intaneti ndiyo iliyobadilisha hesabu. Mtu mmoja alipoweza kuuza maelfu ya vifurushi kwa siku kwa wateja wa nchi nyingine, kila kimoja kikiwa chini ya kiwango, nafuu iliyokusudiwa kumpunguzia kazi ofisa wa forodha iligeuka ruzuku kwa muuzaji aliye ng'ambo. Jambo hilo lilifanyika bila kuvunja sheria, na kwa hiyo halikuweza kuzuiwa kwa polisi wala kwa mahakama. Lilihitaji sheria yenyewe ibadilishwe.

2. Jinsi mwanya unavyoshusha bei

Diski ya muziki yenye bei ya pauni 10 kabla ya kodi inaonyesha nguvu ya mwanya huu. Tangu Januari 2011, VAT ya Uingereza ilipopanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20, duka la London lililazimika kuiuza kwa pauni 12. Diski hiyohiyo, ikitumwa kwa posta kutoka mahali palipo nje ya eneo la VAT, ilimfikia mteja bila zile pauni 2. Muuzaji wa mtandaoni aliweza kugawana tofauti hiyo na mteja, akapata faida na wakati huohuo akatangaza bei ya chini. Mwenye duka mtaani hakuwa na ujanja wa kufidia pengo hilo, kwa kuwa faida yake halali kwa kila diski mara nyingi haikufika pauni 2.

Kwa hiyo bei ndogo ya mtandaoni ina sehemu mbili. Moja hutokana na ufanisi wa kweli: ghala moja badala ya maduka mengi, wafanyakazi wachache, pango dogo. Nyingine ni kodi isiyolipwa. Kuziba mwanya kunagusa sehemu hii ya pili peke yake.

3. Visiwa vya Channel

Mfano uliokomaa kuliko yote ulikuwa Jersey na Guernsey, visiwa vilivyo karibu na pwani ya Ufaransa. Viko chini ya Taji la Uingereza lakini si sehemu ya Uingereza kikodi, na havikuwa ndani ya eneo la VAT la Ulaya. Wakulima wa maua wa visiwa hivyo walikuwa wakituma mazao yao kwa posta kwa wateja wa Uingereza, na msamaha uliwafaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wauzaji wa muziki na filamu waliuona mwanya. Play.com ilianzishwa Jersey mwaka 1998 na ikakua kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mtandaoni nchini Uingereza. Wengine walifuata, yakiwemo maduka makubwa ya Uingereza yaliyofungua matawi ya posta visiwani. Bidhaa zilizofaa zaidi zilikuwa nyepesi na za bei ya chini ya pauni 18: diski, lenzi za macho, vitamini, vifaa vidogo vya kompyuta. Nyingi zilisafirishwa kwa wingi kutoka Uingereza hadi visiwani, zikafungwa moja moja, kisha zikarudishwa kwa posta huko zilikotoka. Safari hiyo haikuwa na maana yoyote ya kibiashara zaidi ya kodi.

Hasara ya hazina ya Uingereza ilikadiriwa kuzidi pauni milioni 100 kwa mwaka. Hasara ya maduka madogo ya muziki haikuandikwa katika kitabu kimoja, lakini wamiliki wake ndio waliopaza sauti. Waliungana katika kampeni iliyojulikana kama RAVAS, wakaipeleka hoja yao kwa serikali na kwa Tume ya Ulaya.

4. Kufungwa kwa hatua

Serikali ya Uingereza ilianza kwa kushusha kiwango kutoka pauni 18 hadi 15 tarehe 1 Novemba 2011. Mwezi huohuo ilitangaza kuwa msamaha ungeondolewa kabisa kwa bidhaa zinazoagizwa kwa posta kutoka Visiwa vya Channel. Serikali za Jersey na Guernsey zilipinga mahakamani zikidai ubaguzi, lakini Mahakama Kuu ya London ilitupilia mbali madai yao Machi 2012, na hatua ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili. Play.com, iliyokuwa imenunuliwa na Rakuten ya Japani mwaka 2011, iliacha kuuza bidhaa zake yenyewe mwaka 2013 na kubaki soko la wauzaji wengine.

Hatua hiyo ilifanikiwa dhidi ya visiwa, lakini ilifunga mlango mmoja tu. Msamaha uliendelea kwa nchi nyingine zote zilizo nje ya Umoja wa Ulaya, China ikiwemo. Wakati huo ulikuja pia mtindo mwingine: wauzaji wa ng'ambo waliweka bidhaa kwenye maghala ya Uingereza, wakaziuza kupitia masoko makubwa ya mtandaoni bila kujisajili kwa VAT. Mwaka 2017 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iliripoti makadirio kwamba udanganyifu huo ulikuwa umegharimu kati ya pauni bilioni 1 na 1.5 katika mwaka wa fedha wa 2015/16. Huu haukuwa mwanya wa kisheria. Ulikuwa ukwepaji wa kodi uliostawi kwa sababu hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuutazama.

5. Kuhamisha wajibu kutoka mpakani kwenda kwa muuzaji

Ufumbuzi wa kudumu ulipatikana nchi zilipoacha kuitafuta kodi mpakani na kuidai pale malipo yanapofanyika. Australia iliongoza. Tangu tarehe 1 Julai 2018, muuzaji wa nje anayeuza huko bidhaa za zaidi ya dola 75,000 za Australia kwa mwaka hutakiwa kujisajili na kutoza kodi ya asilimia 10 kwa bidhaa zisizozidi dola 1,000. Bidhaa zikiuzwa kupitia soko la mtandaoni, soko lenyewe huhesabiwa kuwa muuzaji. Amazon iliwazuia kwanza wateja wa Australia kununua katika tovuti yake ya Marekani, kisha ikaondoa zuio hilo kabla ya mwaka kuisha. New Zealand ilifuata mwaka 2019 na Norway mwaka 2020.

Uingereza ilifuta msamaha uliobaki tarehe 1 Januari 2021, na Umoja wa Ulaya ukafuta wa euro 22 tarehe 1 Julai mwaka huo. Muuzaji wa nje sasa anaweza kujisajili katika nchi moja ya Umoja, akatoza VAT ya nchi ya mteja wakati wa malipo, na akawasilisha hesabu moja kila mwezi. Forodha haihitaji tena kufungua kila kifurushi ili kukusanya VAT.

Kanuni hiyo imefika Afrika Mashariki kwa njia ya huduma za kidijitali. Kenya ilitoa kanuni za VAT kwa masoko ya kidijitali mwaka 2020, na Tanzania, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, iliwataka watoa huduma za kielektroniki wasio wakazi wajisajili kwa utaratibu rahisi.

6. Marekani: kodi ya mauzo na ushuru

Marekani haina VAT, bali majimbo hutoza kodi ya mauzo. Kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1992, jimbo halikuweza kumlazimisha muuzaji asiye na duka wala ofisi humo kukusanya kodi hiyo. Wauzaji wa mtandaoni walinufaika kwa zaidi ya robo karne, hadi mahakama hiyohiyo ilipobadili msimamo tarehe 21 Juni 2018 katika shauri la jimbo la South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair.

Upande wa forodha, mambo yalikwenda kinyume. Wakati wengine wakishusha viwango, Bunge la Marekani lilipandisha chake kutoka dola 200 hadi 800 mwaka 2016. Vifurushi vilivyopita kwa njia hiyo viliongezeka kutoka takriban milioni 139 mwaka 2015 hadi zaidi ya bilioni 1.3 mwaka wa fedha wa 2024, vingi vikitoka China kupitia kampuni kama Shein na Temu. Maghala yalijengwa Tijuana, Mexico: shehena kubwa za China zilishushwa huko, zikagawanywa vipande vipande, kisha zikavushwa mpaka bila ushuru. Ulikuwa mchezo uleule wa Jersey kwa kiwango kikubwa zaidi.

Msamaha uliondolewa kwa bidhaa za China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Baada ya hatua ya Mei, Temu iliacha kutuma bidhaa moja kwa moja kutoka China na kutegemea zilizokwisha kuwekwa katika maghala ya Marekani.

7. Mwanya unaobaki: thamani inayotamkwa

Kufuta msamaha wa VAT hakukugusa ushuru wa forodha. Umoja wa Ulaya uliendelea kusamehe ushuru kwa vifurushi visivyozidi euro 150. Mwaka 2024 viliingia vifurushi vidogo bilioni 4.6, karibu milioni 12 kwa siku, asilimia 91 kutoka China, na Tume ya Ulaya ilikadiria kuwa hadi asilimia 65 vilitamkwa kwa thamani pungufu. Desemba 2025 nchi wanachama zilikubaliana kutoza ushuru wa euro 3 kwa kila aina ya bidhaa katika kifurushi kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Uingereza imetangaza kuuondoa msamaha wake wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi pauni 135 kufikia Machi 2029. Ushuru wa kiasi kimoja una faida dhahiri: hautegemei ukweli wa tamko la thamani.

8. Masharti ya kufunga mwanya kwa haki

Gharama ya kufunga mwanya humfikia mnunuzi, na mwenye kipato kidogo huihisi zaidi. Utafiti wa wachumi Pablo Fajgelbaum na Amit Khandelwal kuhusu Marekani umeonyesha kuwa wakazi wa maeneo maskini ndio waliotegemea zaidi vifurushi vya moja kwa moja kutoka China. Jambo hilo halihalalishi mwanya, kwa sababu mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi naye ni mwananchi, na hospitali na shule za maskini huyohuyo hutegemea kodi. Linadai tu kwamba kazi ifanywe kwa uangalifu.

Uzoefu wa nchi hizi unaonyesha masharti manne. La kwanza ni kufunga mwanya kwa nchi zote kwa pamoja, maana kufunga mmoja huhamishia biashara kwenye mwingine. La pili ni kumpa wajibu anayepokea malipo, hasa soko la mtandaoni lenye hesabu za kila mauzo. La tatu ni usajili mwepesi, ili muuzaji mdogo wa nje asisukumwe kwenye ukwepaji. La nne ni muda wa maandalizi. Februari 2025 Marekani ilifuta msamaha wa vifurushi vya China ghafla, posta yake ikasimamisha kuvipokea, na ndani ya siku chache msamaha ukarudishwa kwa muda. Ilipofuta wa nchi zote Agosti, posta za nchi nyingi zilisitisha kutuma vifurushi Marekani kwa kukosa utaratibu wa kukusanya ushuru. Australia, iliyopitisha sheria yake mwaka 2017 na kuianza mwaka uliofuata, haikukumbwa na msukosuko wa namna hiyo.