LITA YA ASALI SI KILO YA ASALI
(Mazungumzo na wafugaji nyuki na kina mama wapishi, Voi)

Leo tuna hesabu, lakini msiogope, ni ya jikoni na sokoni.

Chukua chupa ya lita moja ujaze maji. Ukitoa uzito wa chupa, hiyo ni kilo moja. Sasa mwaga, kausha, ujaze asali iliyoiva. Mizani itakuonyesha kilo 1.4 hivi. Chupa ni ile ile! Asali ni sukari iliyoshikana; maji ndani yake ni kama sehemu 18 tu kwa kila 100.

Hapo ndipo watu wetu wanapopunjwa. Kule Sagalla, tangu mwaka 2009, mizinga imetundikwa kuzunguka mashamba ili ndovu wa Tsavo wasiingie kwenye mahindi, maana ndovu huogopa nyuki. Asali nayo ikawa mavuno mengine. Sasa mnunuzi akisema ananunua kwa kilo, halafu akahesabu mtungi wa lita 20 kuwa kilo 20, ameondoka na kilo 8 za bure. Mtungi huo una kilo 28. Mitungi kumi ya namna hiyo, umempa zawadi karibu mitungi mitatu, na bado unamshukuru. Kwa hivyo, kabla ya bei, ulizeni: ni kwa lita au kwa kilo? Na mtungi mtupu upimwe kwanza.

Jikoni mambo ni yale yale. Kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 350 za asali, lakini sukari ni gramu 200 na kidogo. Mpishi akiambiwa atie gramu 200 za asali, akajaza kikombe, keki itaungua nje na ndani ibaki mbichi. Alihitaji nusu kikombe na kijiko kikubwa kimoja. Kijiko kikubwa cha mililita 15 ni gramu 21, cha chai ni gramu 7. Kipake mafuta kwanza, asali itateleza yote. La sivyo nusu unailamba wewe.

Shira ya kaimati ni hadithi nyingine. Ukiyeyusha kilo ya sukari katika lita ya maji, hupati lita mbili. Unapata lita 1.6 hivi, yenye uzito wa kilo mbili. Ukiendelea kuichemsha, maji yanapungua na kila kikombe kinazidi kuwa kizito. Kwa hivyo shira haina namba moja ya kukariri kama asali. Ipimeni kwenye mizani.

Wanaouza kwa chupa, andikeni uzito. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 425 hivi. Mkitaka kuuza nusu kilo, tafuteni chombo cha mililita 350, si cha nusu lita.

Na lita yako ikipungua sana chini ya kilo 1.4, shuku. Pengine masega yalivunwa kabla nyuki hawajayaziba kwa nta. Asali hiyo ina maji mengi na itachacha dukani kwa mtu.

Haya, mizani iko mezani. Nani ana chupa tupu?