BREKI ZA NYUMA ZIKILIA
Mazungumzo kwa Wenye Motokaa



Kila siku ya kazi, tangu alfajiri, motokaa nyingi hushuka kutoka Uthiru na Kangemi kwa njia ya Waiyaki Way, zikielekea Westlands na katikati ya mji wa Nairobi. Njia hiyo ni ya mteremko, na magari husimama na kwenda, husimama na kwenda. Asimamaye kando ya barabara husikia breki zikilia. Wenye magari wengine wameizoea sauti hiyo hata hawaisikii tena. Wengine huichukia kwa kuwa yawaaibisha mbele ya watu, wakataka inyamazishwe upesi kwa njia yoyote. Wote wamekosea. Sauti ya breki ni habari, nayo hapana budi ifahamike kwanza.

Motokaa ndogo nyingi zitumikazo Nairobi, kama vile Toyota Probox, zina breki za sahani mbele na breki za ngoma nyuma. Ngoma ni chungu cha chuma kizungukacho pamoja na gurudumu. Louis Renault wa Ufaransa aliitumia katika motokaa zake mwaka 1902, na mpaka leo kazi yake ni ile ile. Ndani yake mna viatu viwili vya chuma vilivyopinda, vimevikwa bitana ngumu. Dereva akanyagapo breki, viatu hutanuka na kuikamata ngoma. Bitana ikishika na kuachia upesi upesi, chuma hutetemeka na kulia, kama uzi wa zeze uliapo chini ya upinde wake.

Sauti ni za namna nne. Ya kwanza husikika asubuhi, hasa baada ya mvua ya usiku, kisha hutoweka gari likisimamishwa mara chache. Hiyo ni kutu nyembamba tu, nayo si ya kuogopwa. Ya pili ni mlio mwembamba udumuo mchana kutwa. Mara nyingi ni vumbi lililojaa ndani ya ngoma, wala si ajabu kwa magari yapitayo udongo mwekundu wa Dagoretti na Kikuyu. Au bitana imeungua kwa joto na kung'aa kama kioo. Ya tatu husikika hata gari likiwa limesimama, dereva akanyagapo breki: viatu vyasuguana na bamba lililo nyuma yao, palipokauka grisi. Ya nne ni mkwaruzo mzito wa chuma juu ya chuma. Hapo bitana imekwisha. Gari hilo lisiendeshwe tena hata kidogo mpaka litengenezwe.

Atakaye kuchungua mwenyewe na afuate utaratibu huu. Gari lisimame mahali tambarare, nalo litiwe gia. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe makubwa, mbele na nyuma, kwa maana breki ya mkono hukamata viatu vile vile vya nyuma, na haina budi kuachiliwa ili ngoma itoke. Nati zilegezwe kwanza, ndipo gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lishikwalo na jeki peke yake.

Ngoma ikitoka, vumbi lisipulizwe, wala kwa kinywa wala kwa pampu. Zamani bitana nyingi zilitiwa asbesto, ambayo huleta saratani. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Kwa kuwa macho hayawezi kutambua kilichomo katika bitana, vumbi lote lihesabiwe kuwa la hatari. Lilowanishwe kwa maji ya sabuni, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe.

Kisha bitana ipimwe. Watengenezaji wengi wa motokaa ndogo huweka mpaka wa unene wa milimita 1 hadi 2. Ikipungua hapo, viatu vya pande zote mbili vibadilishwe pamoja, la sivyo gari litavutwa upande mmoja. Iliyong'aa tu yaweza kusuguliwa kidogo kwa msasa. Palipokauka kwenye bamba pawekwe grisi kidogo istahimiliyo joto, wala isiguse bitana. Upande mmoja ufunguliwe kwa zamu, ili ule mwingine uwe kielelezo cha kurudishia springi. Kazi ikiisha, breki ikanyagwe mara nyingi kabla gari halijaondoka, kisha ijaribiwe polepole katika njia isiyo na watu.

Liko jambo moja la kukatazwa kwa nguvu zote. Wako watu watiao mafuta ndani ya ngoma ili mlio ukome. Mlio hukoma kweli, na breki pia! Gurudumu moja hukamata na la pili huteleza, na gari lenye abiria hugeuka ubavu katikati ya mteremko. Vivyo hivyo bitana iliyolowa mafuta yavujayo kutoka silinda ya gurudumu haisafishwi. Hutupwa, na pavujapo hutengenezwa kwanza.

Vipuri vinauzwa kwa wingi Kirinyaga Road, iliyoitwa zamani Grogan Road. Mnunuzi na achukue kiatu cha zamani mkononi akilinganishe na kipya, upana, mpindo na matundu, wala asivutwe na bei ndogo. Asiyejua kazi hii na ampelekee fundi. Lakini amweleze ni sauti gani, na husikika lini, kwani fundi aliyeelezwa vema hatabahatisha.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Breki iliayo bado yaomba msaada. Iliyonyamazishwa kwa mafuta haiombi tena.