Unywele Mmoja Mahakamani

Kwa miongo mingi mahakama za Marekani ziliamini darubini. Mtaalamu alilinganisha unywele uliookotwa eneo la tukio na wa mtuhumiwa, akaapa kwamba zinafanana.

Mwaka 1978 dereva wa teksi aliuawa mjini Washington. Santae Tribble, kijana aliyekuwa na miaka 17 wakati huo, akatiwa hatiani kwa unywele uliokutwa kwenye soksi ndefu ya kufichia uso. Mwendesha mashtaka alidai uwezekano wa kukosea ni mmoja katika milioni 10. Milioni kumi! Mwaka 2012 kipimo cha vinasaba kilionyesha kuwa kati ya nywele 13 za soksi ile, hata mmoja haukuwa wake. Mmoja ulikuwa wa mbwa. Tribble alikuwa amekwisha kukaa gerezani zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2015 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikiri kuwa wataalamu wake wa nywele 26 kati ya 28 walikuwa wametoa ushahidi wenye makosa wa aina hiyo.

Kipimo cha vinasaba nacho kina mipaka: unywele wenye mzizi hai hutoa vinasaba kamili. Usio na mzizi kwa kawaida hutoa vya upande wa mama tu, na kwa hivyo ndugu wa tumbo moja hawatofautiki.