Refa Akisimamisha Pambano: Kazi na Leseni za Maafisa wa Ndondi za Kulipwa

(Hotuba ya afisa wa michezo wa kaunti mbele ya mapromota, makocha, wanandondi na wakazi, katika mkutano wa wadau wa michezo.)



Nimeombwa nizungumze kuhusu maafisa wa ulingoni: ni akina nani, wanafanya kazi gani, na kwa nini lazima wawe na leseni. Wengi wetu tukiingia ukumbini macho yako kwa bondia. Refa tunamkumbuka anapokosea, au tunapodhani amekosea. Leo tumwangalie yeye na wenzake.

Nianze na jina ambalo kila Mkenya mpenda ndondi analijua. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, uzani wa welta, na hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata katika ndondi. Baadaye akaenda Marekani kupigana ndondi za kulipwa. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alikuwa akipigana na David Gonzales. Raundi ya 9 refa akasimamisha pambano. Wangila alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na akalalamika kwamba amekatizwa bure. Muda mfupi baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, akazirai. Tarehe 24 Julai alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Fikirini hapo kidogo. Mtu anabishana na refa, anasema yuko sawa, na kumbe damu inavuja ndani ya fuvu la kichwa. Ubongo ukivuja damu si lazima mtu aanguke papo hapo. Anaweza kuongea, akatembea, hata akawapungia mkono mashabiki. Ndiyo maana refa hamuulizi bondia kama anataka kuendelea, kwa sababu bondia yeyote aliye na moyo atasema anataka. Refa anaangalia mambo mengine: magoti yanamshika? Macho yanamfuata anayezungumza naye? Mikono bado inarudi usoni kujikinga, au imeshuka? Anapigwa bila kujibu? Anamwambia, "Njoo kwangu," ili aone hatua mbili tatu. Kila kitu kinaamuliwa katika sekunde chache, na watu mia tano wanapiga kelele nyuma yake.

Kwa hiyo mkisikia refa amesimamisha pambano na kijana wenu bado amesimama, kabla hamjarusha chupa ulingoni, kumbukeni Wangila. Na wewe kocha, taulo unalo mkononi. Hakuna sheria inayokulazimisha umngoje refa.

Kanuni zinazotumika katika ndondi za kulipwa sehemu nyingi za dunia zinasema refa ndiye mwamuzi wa pekee ndani ya ulingo. Bondia akiangushwa anahesabiwa angalau hadi nane, hata kama ameinuka kwenye tatu. Anayehesabu mwanzo ni mtunza muda aliyeketi kando ya ulingo, na refa, akishampeleka yule mwingine kwenye kona ya mbali, anaidaka hesabu pale ilipofika. Mtunza muda tunamdharau kwa sababu kazi yake inaonekana ni kugonga kengele tu. Lakini mtunza muda aliyelala akaongeza raundi kwa sekunde kumi na tano amempa mtu aliyechoka makonde zaidi ya aliyostahili. Na nisahihishe jambo moja ambalo nalisikia sana vijiweni: kwamba kengele humwokoa aliyeanguka. Kwa kanuni hizo, kengele haimwokoi mtu. Hesabu inaendelea hadi mwisho.

Majaji ni watatu, kila mmoja upande wake, na hawaruhusiwi kushauriana. Anayeshinda raundi hupewa pointi 10, mwenzake 9, na aliyeangushwa mara moja kwa kawaida hupewa 8. Mengi ya kulalamikia majaji mnayajua tayari, sitawachosha.

Nataka nikae zaidi kwa daktari, kwa sababu hapo ndipo tunapenda kubana pesa.

Tarehe 21 Septemba 1991, jijini London, Michael Watson alipigana na Chris Eubank katika uwanja wa White Hart Lane. Raundi ya 11 Watson alimwangusha Eubank. Eubank akainuka, na kabla raundi haijaisha akampiga Watson ngumi iliyomwangusha naye. Raundi ya 12 refa akasimamisha. Watson akazirai. Dakika zikapita kabla hajapata huduma ya kumsaidia kupumua, na hospitali aliyopelekwa kwanza haikuwa na wapasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishwe. Alikaa katika hali ya kutojitambua kwa siku 40, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa, na akabaki na ulemavu.

Sasa sikilizeni, mapromota. Watson hakumshtaki Eubank, maana ngumi ilikuwa halali. Aliishtaki bodi inayosimamia ndondi za Uingereza. Mwaka 1999 mahakama ikaamua kwamba bodi ina lawama, na mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo Desemba 2000. Sababu ni kwamba bodi ndiyo iliyoweka kanuni za matibabu, na kanuni hizo hazikuhakikisha kwamba vifaa na watu wa kumwokoa majeruhi wa ubongo wako pale pale kando ya ulingo. Bodi ikalazimika kuuza makao yake makuu ili ilipe. Watson mwenyewe, mwaka 2003, alitembea mbio za London Marathon kwa siku 6 hadi akamaliza.

Kwa hivyo daktari wa ulingoni hawekwi pale ili kupamba meza ya mbele. Kabla ya pambano anampima bondia presha, macho, mapigo ya moyo, na anakagua majibu ya damu: virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C. Kwa wanawake kuna kipimo cha mimba. Anataka kuona picha ya ubongo pale inapohitajika. Wakati wa pambano anamshauri refa. Baada ya pambano anamfuata bondia hadi chumbani, aliyeshinda na aliyeshindwa, kisha anaandika ni siku ngapi kila mmoja asipigane. Aliyepigwa nokauti hapewi pambano jingine wiki inayofuata eti kwa sababu ameahidiwa pesa mji wa pili.

Na ambulensi iwe pale ukumbini, mlango wake ukiangalia barabara, dereva akiwa ndani. Ikiondoka na majeruhi, pambano linalofuata halianzi hadi ije nyingine. Najua mashabiki watapiga miluzi. Wapige.

Kuna afisa mwingine ambaye hata jina lake mashabiki hawalijui, naye ni mkaguzi. Huyu anaketi chumba cha kubadilishia nguo, anatazama mikono ikifungwa bendeji, anatia sahihi juu yake, kisha anakagua glavu. Mnaweza kuuliza, mtu mzima analipwa kutazama bendeji? Juni 1983, New York, Luis Resto alimpiga Billy Collins vibaya kwa raundi 10. Baada ya kengele baba yake Collins, aliyekuwa konani kwake, akaishika glavu ya Resto na kuhisi imekuwa nyembamba. Sponji ilikuwa imetolewa. Macho ya Collins yaliharibika na hakupigana tena. Resto na kocha wake wakafungwa jela. Yote hayo yalipita kwa sababu aliyepaswa kukagua hakukagua sawasawa.

Sasa leseni. Ndondi za kulipwa nchini ziko chini ya Tume ya Ndondi za Kulipwa Kenya, KPBC, nayo ndiyo inayotoa leseni kwa mabondia, mapromota, mameneja, marefa, majaji na watunza muda. Ndondi za ridhaa ziko chini ya Shirikisho la Ndondi Kenya. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilianzisha ofisi ya Msajili wa Michezo, na shirika la michezo linatakiwa lisajiliwe huko. Kaunti haitoi leseni ya refa. Katiba, katika Jedwali la Nne, imetupa sisi burudani za umma, viwanja na kumbi za michezo, na pia huduma za ambulensi. Ukumbi ni wetu, basi tunayo haki ya kumuuliza anayeuomba: maafisa wako ni akina nani, na leseni zao ziko wapi?

Nasema hivi kwa sababu kuna mapambano yanaandaliwa mitaani, iwe ndondi, iwe mateke, iwe ule mtindo wa kuchanganya kila kitu, na refa ni shemeji wa promota, daktari ni mtu aliyevaa koti jeupe. Leseni ni karatasi, kweli. Lakini nyuma ya karatasi kuna mtu aliyefunzwa, akatahiniwa, akapimwa macho, na ambaye akiharibu kazi kuna mahali pa kumpeleka na kitu cha kumnyang'anya. Shemeji utamnyang'anya nini? Kwingine, kama jimbo la Nevada, leseni zote huisha 31 Desemba na kila mtu huanza upya mwaka mpya.

Mama mmoja ameniandikia swali hapa: mwanawe amealikwa kupigana, afanye nini? Mama, mwambie aulize mambo manne. Pambano limeidhinishwa na tume? Atapimwa na daktari gani, siku gani? Ambulensi ni ya nani? Mkataba umeandikwa? Na kama pambano liko nchi jirani, aombe barua ya ruhusa ya tume yetu kabla hajapanda basi, kwa sababu barua hiyo ndiyo itakayowaeleza wenyeji kama alipigwa nokauti mwezi uliopita. Akijibiwa "usijali, tutapanga," abaki nyumbani.

Swali la pili, nani anawalipa maafisa? Pesa zinatoka kwa promota, ila zipitie kwa tume, kiwango kijulikane mapema. Jaji asipewe bahasha mkononi na mwenye bondia anayempigia hesabu.

La mwisho linatoka kwa kijana aliyeacha ndondi kwa sababu ya jeraha la bega, anataka kuwa refa. Bwana mdogo, tunakuhitaji, na akina dada tunawahitaji zaidi, maana marefa wanawake ni wachache mno. Anza kwenye ridhaa. Nenda klabu iliyo karibu nawe, omba kushika saa mapambano ya vijana, hudhuria kozi ya maafisa ikitangazwa, fanya mtihani. Ukishasimamia mapambano ya kutosha, ndipo upeleke maombi kwa tume pamoja na kitambulisho, cheti cha kozi na cheti cha daktari. Ofisi ya michezo ya kaunti ndogo itakuonyesha klabu zilizosajiliwa, na huduma hiyo haina malipo.