Damu Hailetwi na Rangi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanakikundi na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka 10)



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia siku hii. Wenzangu wamezungumzia hisa na mikopo. Mimi nimeombwa niseme machache juu ya chakula na afya, na nimechagua akiba nyengine, ile ambayo mwanamke huiweka mwilini mwake. Akiba hiyo ni damu.

Mama anayekwenda kujifungua huku damu yake ni ndogo yumo hatarini. Damu ambayo mwenzake ataipoteza kisha akanyanyuka, yeye inaweza kumuua. Kliniki wanapima. Kwa mjamzito, kipimo kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, huyo ana upungufu, hata kama hajasikia kizunguzungu. Na sisi majumbani tuna maneno yetu juu ya damu, mengine si ya kweli. Tuyatazame.

La kwanza, tunasema kila chekundu huongeza damu. Mgonjwa akitoka hospitali, mtu wa kwanza kumtazama huja na soda nyekundu. Jamani, soda ni maji, sukari na rangi! Bitiruti na rozela havina ubaya, lakini wekundu wake sio unaotengeneza damu. Damu inataka madini ya chuma, na chuma kimo katika vitu tulivyovizoea mpaka tukavidharau: dagaa, samaki, chaza tunaowaokota wenyewe, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, matembele. Chuma cha samaki na nyama huingia mwilini kwa wepesi kuliko cha majani na kunde. Lakini ukitia dagaa kidogo ndani ya mboga na ukakamulia ndimu, chuma cha mboga nacho huingia vizuri zaidi. Sahani ya namna hiyo haihitaji mkopo.

La pili, chai. Tunakula, na papo hapo tunashushia chai ya rangi. Chai huzuia sehemu ya chuma isiingie mwilini. Sisemi tuache chai, nani ataacha? Nasema tuipishe na chakula kwa saa moja au mbili. Na kidonge cha damu kinywewe kwa maji, kisinywewe kwa chai.

La tatu, uchu wa mimba. Mwenzetu akionekana anatafuna mchele mbichi au udongo tunacheka, tunasema ni mimba tu hiyo. Mwaka 2010 mtafiti Sera Young na wenzake walichapisha utafiti wa wajawazito zaidi ya 2,300 wa hapa hapa Pemba. Karibu wanne katika kila kumi walikuwa na uchu wa namna hiyo, wengi wao wa mchele mbichi. Wala udongo walikuwa kama watano katika kila mia. Wenye uchu huo walionekana kuwa na upungufu wa damu zaidi ya wenzao. Kipi kinaleta kipi, bado wataalamu wanajadiliana. Kwetu sisi inatosha kujua kwamba ukimwona mwenzako anatafuna mchele, usimcheke. Mpeleke akapimwe.

La nne, tunadhani kula vizuri kunatosha. Wazee wetu walikuwa na neno safura, na maradhi hayo yana mdudu wake. Ni mnyoo unaoingia kwa ngozi ya mguu mtupu, ukafika tumboni, ukajishika kwenye utumbo na kunyonya damu. Katika miaka ya 1990 uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa skuli wa Pemba ulionesha kuwa mnyoo huu ni sababu kubwa ya wao kupungukiwa na chuma. Basi choo na ndara pia ni mambo ya lishe. Dawa ya minyoo ipo; mjamzito aiulize kliniki kwanza, kwani miezi mitatu ya mwanzo haipewi.

La tano ni vidonge vyenyewe. Wako wanaoviacha kwa kuona choo kimekuwa cheusi. Hiyo ni kawaida, haina madhara. Wengine wanaambiwa mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Si kweli, mmeze, mama zangu.

Lakini kwa watoto wachanga tusijifanye madaktari. Kuanzia mwaka 2002 ulifanywa utafiti hapa Pemba uliohusisha watoto wadogo zaidi ya 24,000, malaria ikiwa bado kali. Mwaka 2003 sehemu ya vidonge vya chuma ilisimamishwa, kwa kuwa waliopewa walizidi kulazwa au kufariki. Watoto waliopimwa wakaonekana kweli wana upungufu, na malaria yao ikatibiwa, walinufaika. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Malaria imepungua sana tangu wakati ule, lakini funzo limebaki: mtoto apimwe kwanza, usimnunulie dawa ya damu dukani kwa kukisia.

La mwisho nalisema mbele ya akina baba makusudi. Katika nyumba zetu kitoweo humfikia baba kwanza, kisha watoto wa kiume, na mama hubaki na mchuzi. Tunaita heshima. Lakini mwenye mimba ndiye anayehitaji chuma zaidi ya wote waliokaa mkekani. Baba akimwekea mkewe kipande cha samaki, heshima yake haipungui hata chembe.

Naomba kikundi kiyazingatie mambo mawili. Mfuko wetu wa jamii usaidie nauli ya mwanakikundi mjamzito anayekwenda kliniki mapema, asingoje mpaka azidiwe. Na kila mkutano, kabla ya kufungua kisanduku, tuulizane: nani ana mimba, na ameshapima damu? Swali hilo halichukui hata dakika tano.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya na umri, tukutane tena katika miaka 20.