Bomba Mgongoni mwa Mfugaji: Kupe, Chanjo na Ufugaji Hai Loliondo

Kuna kauli inayorudiwa mno katika mijadala ya kilimo hai: kwamba Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, haihitaji kufundishwa, maana mfugaji wa Kimaasai hapulizii nyanya wala hatii mbolea ya chumvichumvi, na kwa hiyo maziwa yake ni hai tangu enzi za mababu. Anayesema hivyo ametafuta sumu shambani na kusahau ngozi ya ng'ombe. Dawa ya kuogesha mifugo dhidi ya kupe, iwe amitrazi au sipamethrini, ni kiuatilifu kama vilivyo vya mboga. Mtazame mfugaji asiye na josho la karibu: anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, anakoroga kwa kijiti, anavaa bomba mgongoni na kupulizia mmoja mmoja zizini, huku upepo ukimrudishia matone usoni. Jioni kiwele kile kile kinakamuliwa. Na dawa ikizimuliwa ili iwatoshe wote, kupe dhaifu hufa, sugu wakabaki kuzaana. Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti juu ya wakulima wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania. 68% walisema waliwahi kujisikia vibaya baada ya kupiga dawa. Kwa nini tudhani pafu la mchungaji ni gumu zaidi?

Mfugaji anaogesha kwa hofu ya ndigana kali, oltikana kwa Kimaasai, inayoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Hapa naomba kukawia, kwa sababu chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, inastahili. Ndama huchomwa vimelea hai vya Theileria parva na, papo hapo, oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Huugua kidogo, akapona na kinga. Kati ya aina tatu za vimelea vilivyochanganywa, moja ina jina la Serengeti, jirani yetu. Mrija mmoja wa chanjo, unaotunzwa katika naitrojeni ya kimiminika, hutoa dozi 40 hivi, na ukishayeyushwa hausubiri kesho. Mwenye ng'ombe watatu atahangaika kukusanya majirani. Boma lenye ndama tele halina tatizo hilo.

Mshika kanuni atasema antibayotiki hiyo si ufugaji hai. Sindano moja ya utotoni dhidi ya bomba la kila wiki: hesabu hiyo hainisumbui. Pingamizi zito linatoka hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, ambako chanjo hiyo haikuwakinga ipasavyo ng'ombe waliochungwa pamoja na nyati. Na Loliondo nyati wapo. Tena haizuii ndigana baridi wala maji moyo. Nakubali yote: kuogesha hakutakoma, na karibu na nyati kutabaki kwa mara nyingi. Lakini kwingineko kunaweza kupunguzwa, kwa kuangalia kupe badala ya kalenda. Nikipewa fedha nichague kati ya vyeti vya ufugaji hai na mitungi ya naitrojeni, nitanunua mitungi.